Aliyekutwa na Virusi ni Meneja

Runzewe,
Jumapili baada ya misa.

Kwako Dada Mbuke, Didia,

Shikamoo dada. Naomba barua hii uipokee ukiwa umeketi, maana najua magoti yako na baridi ya asubuhi havijawahi kupatana. Watoto hawajambo? Mama anaendeleaje na mguu? Na yule jogoo wenu mkorofi bado anafukuza wageni, au mmeshamla? Huku Runzewe mvua zinanyesha, barabara ni tope tupu, na mdogo wako bado ndiye mtu anayesalimiwa kuliko wote kuanzia stendi mpaka sokoni. Sijisifu, nakueleza hali ilivyo.

Juzi ulipopiga simu unalia nikakukatia, hiyo haikuwa jeuri. Simu ndiyo iliyoniponza. Unajua sauti yangu ilivyo, nimeizoesha kushindana na mashine za kusaga mawe ya dhahabu, haijui kunong'ona. Kwa hiyo nimeona niandike, nimkabidhi kondakta wa basi mkononi. Mwandiko usikutishe. Shule niliiacha yenyewe ikiwa bado inanihitaji.

Umesema habari imefika Didia kwamba nina virusi. Umesema Mama hali chakula, na Mzee Bujiku ametamka mbele ya watu kwamba ng'ombe wangu wa mahari wasikanyage boma lake mpaka aelewe binti yake Aneth anaolewa na mtu wa namna gani. Dada, habari hiyo ni kweli nusu. Virusi vipo. Ila aliyekutwa navyo ni Meneja, na Meneja ni paka.

Sijawahi kukueleza habari zake. Ni dume la rangi ya majivu, sikio moja limechanika, analinda magunia ya mchele na mahindi katika duka langu la nafaka. Mimi nimepita Chunya, nimepita Mererani, nimefika mpaka Lubumbashi, nimeona wasimamizi wa migodi wenye miwani na redio za mkononi, lakini sijaona anayesimamia kazi kama huyu. Panya wa Runzewe wakifika mlangoni kwangu wanageuza.

Basi siku moja akaanza kupiga chafya. Nikamwambia afya, nikacheka. Kesho yake macho yamegandana kwa tongotongo, pua inachuruzika, mate yanadondoka. Dagaa wake aliwasogelea, akawasimamia juu, akawatazama kama mtu aliyepewa gazeti la Kichina, akaondoka. Paka kumwacha dagaa, dada! Hapo ndipo udadisi ulinishika, nikamwacha mteja anasubiri mizani.

Mtaa mzima ukawa hospitali. Muuza mitumba akasema amekula sumu ya panya. Mama wa vitumbua akasema kuna jicho nimerushiwa mimi kwa sababu ya biashara kunyooka, likanikosa likampata paka. Yasini, mwenzangu wa dukani, yule mtu wa Tabora mwenye maneno kuliko redio, akaja na nusu ya Panadol, akasema homa ni homa tu. Nikampanua Meneja mdomo ili tumpe, nikaona ulimi una vidonda. Nikamwambia Yasini asubiri, sumu haichori ulimi namna hii, ngoja tukawaulize waliomaliza shule. Nikamtia paka kwenye tenga la kuku, nikapanda bodaboda mpaka Ushirombo kwa Abel, daktari wa mifugo.

Abel aliposikia tenga linalia nyau alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniuliza, ngosha mzima, mwanaume wa Kisukuma, ukoo wa ng'ombe, umelipa pikipiki kwa ajili ya paka, je, wazee wenu wanajua? Nikamjibu atibu kwanza, utani nitamrudishia na riba. Lakini alipomshika alitulia. Akamtazama macho, pua, ulimi, akamsikiliza kifua, akaniuliza kama kuna paka mgeni amepita dukani. Nikakumbuka yupo mmoja wa gesti ya jirani, alikuwa anakoroma kama mzee. Abel akasema basi, haya ni mafua ya paka, yanaletwa na virusi. Binadamu hayamshiki, ila paka kwa paka yanaruka upesi, kwa hiyo Meneja akae peke yake na sahani yake, na mimi ninawe mikono kabla ya kugusa paka wa watu.

Nikamuuliza mbona basi hali. Akasema paka hula kwa pua kwanza, ndipo mdomo. Pua ikiziba, dagaa kwake ni sawa na vijiti. Niwapashe moto kidogo wanuke, niponde na mchuzi, nimdondoshee mdomoni pole pole kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Macho nimfute kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, pamba moja kwa jicho moja. Nimweke chumba chenye mvuke wa sufuria ili pua ifunguke, ila sufuria iwe mbali naye asiungue. Nilipomtajia ile Panadol alinitolea macho, akasema nusu ile ingemuua, mwili wa paka haujui kuivunja, unageuka sumu ndani yake.

Akamchoma sindano moja. Nikasema alhamdulillahi, ingawa mimi Mkatoliki, virusi vimekwisha. Akasema hapana. Virusi ni mvunja mlango, na mlango ukishavunjwa vibaka wengine wanaingia, wale bakteria. Sindano inafukuza vibaka, mvunja mlango anabaki, mwili wenyewe ndio upambane naye. Nikauliza, ukimshinda anakwenda wapi? Hapo, dada, ndipo nilipovua kofia. Akasema mara nyingi haendi popote. Anajificha kwenye mishipa ya fahamu ya uso, analala. Siku paka akichoka au akipata hofu, anaamka tena, chafya mbili tatu, anarudi kulala. Nikauliza kwa hiyo hatapona? Akasema atakula, atakamata panya, atazeeka. Ataishi navyo.

Maneno hayo yalinikaa kichwani njia nzima. Nikashuka stendi ya Runzewe tenga mkononi, nimelifunika kwa koti kwa sababu ya manyunyu, nikampigia Yasini. Unajua mdogo wako nikiwa na habari nzito najisema kwa wingi kama mkuu wa wilaya. Nikapaza sauti kwamba daktari amethibitisha, ni virusi, dawa ya kuviua hakuna, lakini tusitishike, tutaishi navyo. Stendi yote ikageuka kunitazama. Muuza karanga akanipa karanga bure. Mimi nikadhani ni heshima.

Meneja nilimuuguza kama mtoto. Nilimfuta macho, nilimpondea dagaa mpaka duka likanuka kama mwalo wa samaki wa Chato, nilikaa naye kwenye mvuke tukitazamana. Siku alipolamba sahani mwenyewe nilipiga vigelegele, Yasini akasema sasa nimekuwa bibi. Amepona, yuko juu ya magunia hapa ananitazama nikikosea tahajia.

Sasa utaniuliza, kama ni paka, kwa nini sikusema? Uvumi ulinifikia, ndiyo. Watu walianza kunipokea kwa sauti laini na kunisukumia kiti. Nilikuwa nimejiandaa kusimama sokoni na Meneja mabegani niwachekeshe wote. Dada, hapa nakuomba usome peke yako.

Mchana mmoja mvua ilipiga bati mpaka mtu husikii lako mwenyewe. Akaingia mtu wa hapa, mchimbaji, jina sitaliandika. Akaketi juu ya gunia, akasogea sikioni kwangu, akasema amesikia yangu, ananipa pole, na yeye yuko hivyo hivyo miaka mingi. Akasema mimi ni wa kwanza kumwambia. Dawa za kufubaza virusi ameziacha, kwa sababu kwenye benchi la kliniki wenzake wa shimoni walipita wakamwona, na tangu hapo hana uso wa kurudi. Kandambili zake zilikuwa kubwa kuliko miguu yake.

Ningeweza kunyamaza, lakini kumdanganya mtu wa namna hiyo ni dhambi. Nikamwambia ukweli, ni paka. Akasimama, uso umegeuka majivu. Meneja akapiga chafya. Yule bwana akamtazama, akauliza taratibu kama ndiye huyu, na anaishije. Nikamweleza yote ya Abel, mvunja mlango, mishipa ya uso, kuamka na kulala. Akauliza je, kidonge cha kila siku anapewa? Nikamwambia huyu maskini kidonge chake hakipo duniani. Wewe chako kipo, kinakaa bure kliniki, nawe humezi! Meneja angekuwa na kiganja angekuzaba kofi. Akacheka, halafu akalia, halafu akasema, lile benchi.

Nikamwambia twende wote. Mimi mbele, kofia yangu ya Lubumbashi kichwani. Wakitaka mtu wa kumtazama wanitazame mimi, nimezoea.

Ndivyo tunavyokwenda mpaka leo. Watu wanasema yeye ndiye anayenisindikiza mimi mgonjwa, wanamsifu kwa moyo wake. Muuguzi pale kliniki alinipima na mimi, sina kitu. Lakini yule bwana amerudia dawa zake na mashavu yanarudi. Nikisimama leo sokoni niseme ni paka, kesho watauliza, sasa pale kliniki anayechukua dawa ni nani? Yasini ameniapia atafunga mdomo, na majirani bado wanaamini paka alipatwa na sumu au jicho.

Kwa hiyo dada, Mama mwambie mwanae mzima, ale. Mzee Bujiku mwambie nitakuja, mimi na Aneth tutapimwa pamoja hospitali atakayoichagua, majibu asikie mwenyewe. Ila la paka usimgusie. Majibu ya hospitali yakifika huku watasema nimehonga daktari, lakini hadithi ya paka wataiamini siku hiyo hiyo, kwa kuwa inachekesha.

Aneth peke yake mwambie yote. Na mwambie hivi, akija Runzewe atanyooshewa vidole, ataitwa mke wa yule, na mimi nitaendelea kwenda kliniki ile na rafiki yangu mpaka mwenyewe aseme basi. Akikubali hilo, ng'ombe waje. Akikataa usimlaumu wala usimbembeleze, si kila mtu ameumbwa kutazamwa. Nitaumia, dada. Nitaumia sana, lakini nitakwenda tu.

Wasalimie wote wa boma, wakubwa shikamoo, wadogo nimewashika vichwa. Mama mshikie mguu kwa niaba yangu. Wabeja sana, asante kwa kunisoma mpaka hapa.

Mimi mdogo wako,
Marselino, mwenye duka la nafaka na tajiri wa Meneja.