Mama Yuko Ukutani, Baba Anakuja Kutusikiliza

Mshauri wetu, shikamoo. Naomba unisaidie kabla tamasha halijafika, maana sili nikashiba na sauti yenyewe imeanza kunikauka. Mimi ni mwanafunzi wa muziki, mwisho wa mwezi kwaya ya chuo chetu itaimba kwenye jumba la makumbusho ya sanaa, kiingilio bure, na mimi nimepewa wimbo mmoja niuimbe peke yangu, sasa juzi tulikwenda kufanya mazoezi ukumbini, mwalimu akatupanga mbele ya ukuta wa picha, mimi katikati, na nilipogeuka kuweka chupa yangu ya maji nikamwona mama. Mama yangu mzazi, amechorwa akiwa msichana, ameketi kwenye kiti cha mbao, bega moja wazi, anacheka kicheko ambacho nyumbani sijawahi kukiona. Mwenzangu wa sauti ya pili akaniambia, "Mbona huyu ni wewe mtupu?" Nikamjibu watu wanafanana, nikarudi mahali pangu.

Nilimweleza mama akiwa anapiga pasi. Akaichomoa pasi kwenye umeme, akakaa. Akasema alikuwa hajaolewa, mchoraji alikuwa anawalipa vijana wa mtaa wao wakae awachore, hakuna jingine lililotokea, lakini baba hajui na miaka yote ameshindwa pa kuanzia.

"Mwanangu, sema unaumwa koo," akaniambia.

Na baba ameshawaalika baba zangu wadogo wote wawili, suti ameshaipeleka kwa dobi, kila asubuhi ananiuliza, "Mwimbaji wangu, koo linaendeleaje?" nami hata macho siwezi kumwinulia. Nikiimba, atakaa muda wote akimtazama mama ukutani mbele ya ndugu zake. Nisipoimba, nitamvunja moyo. Nifanye nini?

Binti wa Sauti ya Kwanza

Jibu

Binti, pole sana. Lakini acha kujitwisha ya wakubwa. Siri ni ya mama yako, na kila anayeingia pale anaiona, kwa hiyo baba yako ataijua tu. Kilichobaki ni kama ataisikia kwa mkewe sebuleni au ataikuta mbele ya wadogo zake.

Koo la uongo halitakusaidia. Baba atakukimbiza hospitali, na picha itabaki palepale.

Msomee mama yako haya. Mama, kukaa ukachorwa kabla hujaolewa si kosa. Kumwacha mumeo aaibike hadharani wakati ulikuwa na nafasi ya kumwambia, hilo ndilo kosa. Mwambie wiki hii, kisha nendeni kwenye hilo jumba la makumbusho nyinyi wawili tu, aione kwanza bila macho ya watu. Atanuna? Huenda. Mpe siku zake anune. Mwanamume anayepeleka suti kwa dobi kwa ajili ya wimbo mmoja wa bintiye si wa kuogopwa kiasi hicho.

Nawe usimwombe mwalimu ahamishe kwaya. Rudi mazoezini, simama katikati ulipopangwa. Na kama siku hiyo utaona kiti cha baba kiko kitupu, imba vilevile mpaka mwisho, ndipo urudi nyumbani ukamsalimie.