Nimpime Zibda au Niseme Ana Ugonjwa?

Mpendwa Abla Inshirah, dada yetu mkubwa wa safu ya ushauri,

Naomba uniokoe kabla boksi la glavu lililoko juu ya kabati langu halijafunguliwa, na usinicheke, maana mimi mwenyewe sijui nicheke au nilie. Mimi ni daktari wa mifugo wa serikali, nina miaka thelathini na mmoja, nimeolewa kijiji kimoja cha mkoa wa Buheira na naishi ghorofa ya juu ya nyumba ya wakwe zangu, na mwaka jana nilianza masomo ya uzamili ya usimamizi wa biashara ya kilimo, darasa zima ni madaktari wa mifugo watupu, kila Alhamisi na Jumamosi napanda treni kwenda Iskandaria, kwa sababu nilichoka kumtibu mnyama wa mtu leo, kesho namwona sokoni anauzwa ovyo bila hesabu wala mpango.

Tasnifu yangu inauliza jambo moja: katika nyumba za wafugaji wadogo, mnyama ni wa nani hasa, na nani anaamua auzwe. Basi nikachapa hojaji, nikapita nyumba hadi nyumba, na kila mtu nikamwahidi kwa maandishi kwamba atakachoniambia hakitoki nje. Nyumba ya ishirini na tisa ilikuwa ya Mama Wagdi, mjane anayekaa nyuma ya mashine ya mpunga, mwenye nyati mmoja wa maziwa, wale wanaofugwa kwetu kama ng'ombe, mnyama wa kutamanisha kwa kweli. Nikamuuliza kama nyati ni wake mwenyewe au yuko katika ushirika, maana unajua kwetu, huyu ananunua, yule analisha, maziwa na ndama ni nusu kwa nusu. Akasema nusu yake, nusu ya mwenzake. Nikamuuliza mwenzake ni nani. Akacheka mpaka akashika mlango.

“Daktari, kweli hujui? Si mama mkwe wako!”

Abla, kalamu ilinidondoka. Nilipofika nyumbani nikamuuliza mama mkwe, ambaye namwita Mama, akanivuta jikoni akaufunga mlango kwa kisigino. Akaniambia miaka tisa iliyopita alikwenda kumuuguza dada yake, na nyuma yake baba mkwe wangu, Haji Bayoumi, akamuuza nyati wake bila kumuuliza, nyati aliyepewa na baba yake siku ya harusi. Alirudi akakuta kamba tu.

“Siku ile niliapa, binti yangu. Nampikia, namfulia, hata dua namwombea, lakini mnyama wangu hatalala tena kwenye banda lake. Zibda yeye hatamjua maisha yake yote.”

Zibda, yaani siagi, ndilo jina la nyati huyo, na Mama na Mama Wagdi wanamwita hivyo wakiwa wawili tu bandani, mbele za watu ni nyati basi. Nikaapa kunyamaza, na ningenyamaza, nyumba yetu ina amani, Haji si mtu mbaya, hata huyo mjane, Haji mwenyewe tangu zamani kila msimu humpelekea mzigo wa majani mabichi kutoka shamba letu, anasema anatafuta thawabu.

Sasa sikia balaa. Wiki mbili zilizopita Haji kaniita nje kwenye benchi tunywe chai, sisi wawili tu, akatia sukari, akakoroga, akakoroga, akakoroga, mpaka nikajua kuna jambo.

“Daktari, nataka kununua nyati.”

“Heri, Ami. Yupi?”

“Yule wa mjane, nyuma ya mashine. Nenda kamtazame meno na kiwele, na uniambie kama ana mimba. Zibda yule ananipendeza. Na mjane asipotaka kumuuza mzima, hata nusu inanitosha.”

Chai ilinipalia. Nikakimbia kwa Mama nikamwambia Haji anataka kumnunua nyati wa Mama Wagdi, akakaa chini hapo hapo juu ya gunia la mchele, akasema niseme ni mgonjwa.

“Sema ana ule ugonjwa wa kutupa mimba.”

“Mama, nikitamka hilo mimi, lazima niliandike, watu wa serikali watakuja kumchukua achinjwe, na Mama Wagdi hatauza hata kikombe cha maziwa.”

“Basi sema ni kizee.”

“Ana miaka saba, na Haji anasoma meno kuliko mimi.”

“Sema kapigwa jicho baya.”

“Hilo halina kipimo, Mama.”

“Sasa huko Iskandaria unasomea nini?”

Nikamdanganya Haji kwamba glavu ndefu za kupimia zimeisha kituoni. Juzi karudi kutoka mjini Damanhur na boksi zima, kaniwekea mezani, “Haya, Daktari, hizi hapa.” Mume wangu Sabri, ambaye hajui siri yoyote, aliponiona nimeduwaa alisema nisimwingize katika mambo ya wazee, akageukia ukutani akalala.

Abla, nimechanganyikiwa. Nikisema nyati ni mzima, na ni mzima, Haji atakwenda kwa mjane, siri itatoka, na Mama kaniambia wazi siku hiyo anakwenda kwa kaka yake huko mjini Disuq na harudi tena. Nikisema ni mgonjwa, udaktari wangu nimeuzika kwa mkono wangu. Nikinyamaza, boksi linanitazama. Jumanne ijayo Haji anataka jibu. Mimi hapa ni daktari, ni mkwe, au ni mwanafunzi wa utafiti? Kila nikiamka asubuhi nakuwa mwingine.

Daktari Rawya

JIBU

Daktari Rawya (jina si lako, na la nyati si lake, kwa hiyo Buheira yote tulieni), barua yako nimeijibu kwa simu Jumamosi kwa sababu ya hiyo Jumanne, na hapa naichapa kwa ajili ya wengine wenye maboksi juu ya makabati.

Pole, mwanangu. Kukaa katikati ya mama mkwe na baba mkwe si kazi ndogo, na wewe umekaa na kalamu mkononi. Lakini nikugombeze kidogo. Uongo wa glavu ulikuwa uongo, nao umekuzalia boksi zima. Usiongeze wa pili. Huo wa ugonjwa hata usiuwaze ukiwa peke yako bafuni, maana mjane asiye na kosa ndiye angeulipia. Mwambie mama mkwe wako kwamba Inshirah amesema ashike adabu: mtu hamlipizi mwizi wa nyati wake kwa kumchinjisha nyati wa mwenzake.

Pili, humpimi Zibda. Mbona hilo ni jepesi? Daktari hamkagulii mnunuzi mnyama ambaye nusu yake ni ya mtu wa nyumbani kwake. Kama huko chuoni bado hawajawafundisha hilo, kadai ada yako. Wewe hapo ni daktari, na daktari mwenye maslahi anakaa pembeni. Siri uliyoahidi kwenye hojaji nayo inabaki siri. Haji hasikii neno kutoka kwako.

Sasa nenda kachukue barua yako uisome tena, taratibu, kama unavyosoma hojaji za watu. Umeandika mwenyewe kwamba jina Zibda linatajwa bandani tu, na wanawake wawili. Mistari michache baadaye Haji anakoroga chai na kulitamka. Nani kamwambia? Halafu, Daktari wa biashara ya kilimo, ni mwanamume gani mwenye banda lake anayemtaka nyati mpaka chai anaikoroga bila kuacha, kisha anasema nusu inamtosha? Na yale majani mabichi ya kila msimu, unafikiri thawabu hiyo anaila nani?

Mimi sikuwepo kwenye benchi hilo, naweza kukosea. Lakini kwa jinsi ulivyoandika, mzee huyo anajua, na anajua tangu zamani. Amemlisha mnyama wa mkewe miaka yote hiyo kwa mlango wa nyuma na hakumwambia mtu. Nusu anayoitaka ni ya Mama Wagdi. Akiipata, anakuwa mshirika wa nani? Hesabu hiyo nakuachia.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo, si kesho, mkalishe Mama, na mrudishie maneno ya Haji yote kama alivyoyasema, pamoja na lile jina na ile nusu. Hakukuomba uyafiche, na nadhani alikuambia wewe kwa sababu alijua yatafika. Umemkimbilia Mama na nusu ya habari, ndiyo maana akakaa juu ya gunia. Usimshauri kitu. Akilia, mwache alie. Akisema nyati habanduki kwa mjane, basi habanduki, na Mama Wagdi naye asiguswe nusu yake kama hataki kuiuza. Tasnifu yako si inauliza nani anaamua? Basi kwa mara moja waache wenye mnyama waamue, na wewe uandike.

Boksi la glavu lipeleke kituoni, litafaa wanyama wengine. Kisha, Mama akishakuruhusu, nenda kwenye benchi umwambie Haji, “Ami, huyu siwezi kumpima. Kamuulize Mama.” Maneno hayo tu, uondoke kabla chai haijaja.

Miaka tisa iliyopita aliuza bila kuuliza. Safari hii anauliza, ila kagonga mlango usio wake. Mwelekeze.

Abla Inshirah