Master ya Kabula

Jumatatu, 2 Juni

Kabula kapata master! Mwanangu. Wa kwangu mimi, niliyeishia la saba.

Nilikuwa napepeta mchele, simu ikalia. Ujumbe: "Shikamoo mama. Hatimaye nimepata master! Mungu mkubwa. Salio limeisha, nitapiga." Nimeusoma mara tano. Mchele umemwagika, kuku wamekula. Waache wale tu.

Mwezi wa pili huu tangu ahamie Mwanza na begi moja na cheti chake cha ugavi. Analala kwa rafiki yake wa chuo, godoro moja wawili. Mchana yuko godauni la vifaa vya ujenzi, kazi ya majaribio ya miezi mitatu. Na bado kapata master. Akili hizo ni za upande wangu. Marehemu baba yake alijua ng'ombe tu.

Nimeshamwambia Mama Shija wa nyumba ya pili. Kanyamaza. Mama Shija kunyamaza! Miaka minne ananihubiria mwanawe Shija na shimo lake la dhahabu huko Runzewe. Leo zamu yangu.

Jumatano, 4 Juni

Nimepita sokoni. Sikuwa na cha kununua. Nimesalimia watu wote.

Mwalimu mstaafu kaniuliza, Kabula kasoma master lini, si kamaliza digrii mwaka jana? Nikamjibu wenye akili hawakai darasani muda mrefu. Kakuna kichwa. Wivu.

Kabula hajapiga. Nikipiga hapatikani. Watu wenye master wana kazi nyingi.

Jumapili, 8 Juni

Imetangazwa kanisani. Nilisimama nikapunga mkono.

Kikundi chetu cha akina mama kimesema lazima tusherehekee. Mwenyekiti ni Mama Shija, kaanza kuandika michango palepale. Mimi natoa mbuzi. Binti mdogo wa Mama Shija kachukua picha ya Kabula ya mahafali, ile ya joho, kaandika "Hongera Kabula kwa master", kairusha WhatsApp. Kila nikikaa naiangalia. Joho limemkaa.

Jumanne, 10 Juni

Kabula kapiga. Nilipokea kwa kigelegele. Alisubiri nimalize.

"Mama, umewaambia watu nini?"

Master ni chumba. Chumba chenye choo na bafu humohumo ndani. Mjini ndivyo wanavyokiita. Kakipata Buhongwa, karibu na barabara.

Na ile picha imefika godauni. Kuna kijana wa kazini kwao ana ndugu huku kwetu Ibadakuli. Bosi kamwita, kamuuliza mbele za watu kwa nini anajitangazia shahada asiyokuwa nayo. Na kama hiyo ni ya uongo, hata cheti alichokileta ni cha kweli? Kinakaguliwa upya. Kisipopita, kazi hana. Wenzake wanamwita Dokta.

Nikasema, mwanangu, sikujua. Akasema, "Hujui, lakini unatangaza. Usinipigie, mama. Nitapiga mwenyewe."

Akakata bila kuniaga. Sijala.

Alhamisi, 12 Juni

Hajapiga.

Nimewaza ninyamaze. Hapa nani atajua? Mbuzi achinjwe, watu wale, yaishe. Nimewaza hivyo mchana kutwa huku nakata viazi vya kuanika michembe. Nimejikata kidole.

Lakini kuna neno moja alilitoa kwa hasira juzi, halinitoki. Kwa yule rafiki yake, choo kimoja nyumba nzima. Wapangaji kumi na wanne. Unaamka alfajiri kupanga foleni na ndoo yako. Miezi miwili. Mimi aliniambia kuzuri. Na mimi nilikuwa namuuliza atanunua gari lini.

Ndiyo maana alifurahi vile. Alitaka nifurahi naye kwa hicho alichokipata. Sikuuliza hata swali moja. Najisikia vibaya sana.

Jumapili, 15 Juni

Nimesema.

Baada ya ibada kikundi kilikaa, daftari la michango mezani. Nikasimama. Nikasema mwanangu hana master ya shule, ana chumba chenye choo. Kosa ni langu, si lake. Na picha ifutwe leo.

Kisha mmoja nyuma: "Kumbe tulikuwa tunachangia choo!" Wakacheka mpaka wengine wakaegemea ukuta. Nikachukua mkoba wangu niondoke.

Mama Shija kanishika mkono. "Kaa chini, mayu, mama yangu." Halafu kasema kitu ambacho hajawahi kukisema. "Shija wangu analala chini ya turubai huko Runzewe. Shimo halijatoa kitu mwaka wa nne huu. Choo chake ni porini. Wako ana choo ndani kwa jasho lake, halafu unataka kutulilia hapa?"

Hakuna aliyecheka. Leo nimempenda yule mwanamke.

Akaniuliza humo chumbani kuna nini. Nikasema nadhani mkeka. Jiko? Hana. Sufuria? Sijui. Akapiga meza. "Basi ni kicheni pati." Mmoja akauliza, na bwana harusi yuko wapi? "Wa nini? Tunampa sufuria, au tunampa mume?"

Kicheni pati bila bwana. Sijawahi kuiona. Wote wamekubali.

Jioni binti wa Mama Shija kafuta picha. Kaandika maneno niliyomtajia mimi mwenyewe: Kabula hana shahada ya pili, hajawahi kusema anayo, mama yake ndiye aliyekosea. Jina langu chini. Watu wanatuma vikatuni vya kucheka. Wacheke.

Jumatano, 18 Juni

Hajapiga. Nimefua mapazia yote. Hayakuwa machafu.

Ijumaa, 20 Juni

Kapiga. Kaanza na shikamoo, nikajua.

Cheti kimepita. Kazi ipo. Maneno yangu nayo yamefika kwa bosi, kasema huyo mama ana moyo. Wenzake bado wanamwita Dokta. Siku hizi anaitika.

Nimemwomba radhi. Vizuri, bila kuongeza kitu. Kasema yameisha, mama. Salio lake likaisha, nikapiga mimi. Nikamweleza habari ya akina mama, kwamba tunakuja kwake na vyombo. Kisha akasema, chumba kinaenea watu wanne. Nikamwambia tutaingia kwa zamu.

Akacheka. Mwanangu alicheka.

Jumatatu, 23 Juni

Kumetulia leo. Upepo kidogo.

Mwenye nyumba wake kakubali tukae uani. Gari la kukodi limepatikana. Mama Shija analeta jiko la mkaa, wengine ndoo, mabeseni, vyungu. Mimi nimefunga sufuria tatu ndani ya shuka jipya. Nimemuuliza anataka nini kingine. Kasema pazia la dirisha, urefu wa mkono na nusu. Nimelishona. Nimeuliza pia dirisha linatazama wapi. Linatazama mlima wa mawe, asubuhi jua linaingia.

Siku ya kicheni pati anatoka kazini saa saba. Atatupikia chai. Tuko kumi na mmoja, anatusubiri wote. Jumamosi, tarehe 28.