Nia ya Misa ya Mama

Kaka Nestory,

Shikamoo. Natumaini dagaa wanapatikana huko Kipili. Huku Sumbawanga baridi imezidi, na mahindi ya mama kule Ilemba jirani ameshatuvunia. Nakuandikia kwa sababu chumba ni kimoja, na nikikupigia simu mama atasikia.

Kliniki tulienda. Daktari alisema kuanzia sasa mama atapewa huduma ya "palliative". Mama akanigeukia mimi niliyesoma: "Salome, maana yake nini?" Nikamwambia ni dawa za kutuliza maumivu. Maana ni hiyo, sikudanganya. Ila madaktari hulitumia neno hilo wakishaona ugonjwa hauponi, na hapo nilinyamaza.

Sasa analitamka kwa majirani kwa furaha, kama jina la mjukuu. Maumivu yamepungua kweli. Anakula, na anasema mvua zikianza atapanda ulezi. Juzi akanituma parokiani nikaandikishe misa ya shukrani kwa kupona kwake.

Nikaenda. Katekista akaniuliza nia ya misa. Kaka, mdomo ulikataa kumdanganya Mungu. Nikasema, "Kumwombea mama yetu Kalista kifo chema." Akaandika.

Jumapili nia zitasomwa kwa sauti, na mama ameshashonesha gauni la kukalia benchi la mbele. Njoo Jumamosi tumwambie hapa nyumbani, kabla hajasikia kanisani. Peke yangu nimeshindwa.

Ni mimi mdogo wako,
Salome