Kufuli ku Robine ya Kanisa

Jumapili, 1 Septemba 2024

Mutu wa bahati kama mimi, Aloys kinyozi, umutafute Kadutu yote hapa Bukavu — hautamupata! Wengine wanazaliwa na mali, mimi nilizaliwa na watu. Kichwa ya Pasteri Christophe iko mu mikono yangu kila Jumamosi. Na Chrispin, rafiki yangu tangu primeri, anaweza kufa ju yangu. Ministre iko na askari, mimi niko na Chrispin.

Mahubiri ya leo ilinipiga. Pasteri alisema Kristo alitufungua, hatuko tena watumwa wa sheria wala wa kuogopa watu. Na mutu huru atumie uhuru wake namna gani? Amutumikie jirani. Masomo niliacha mu troisième, mwaka wa tatu, lakini hiyo nilisikia. Nilipiga amen mpaka maman moja akageuka kuniangalia.

Jumatano, 4 Septemba

Wameweka kufuli ku robine ya kanisa! Siku zote avenue muzima ilikuwa inachota maji pale. Sasa ni washiriki tu, na karti ya kanisa. Maman Cibalonza, jirani yangu wa kuuza biniye, mandazi, yeye ni Mukatolika — wamemurudisha na bidon tupu, dumu kavu. Muzee wa kanisa anamuuliza karti iko wapi. Akajibu: "Iko Roma, papa, mukaiombe kule!" Watu wakacheka mpaka basi.

Kisha akashuka kuchota ku ziwa. Akapanda na bidon ku mugongo, kamba ku paji la uso, mulima wote ule.

Jumamosi, 7 Septemba

Joviale, mutoto wa Maman Cibalonza, anahara tangu jana. Maji tu, kama ile wanaoshea muchele. Nilimubeba ku mugongo mpaka ku santé, kituo cha afya. Kolera. Iko ku serumu, dripu ya ku mukono.

Pasteri alikuja kunyolewa. Nikamuuliza: Pasteri, ule jirani wa mahubiri, yeye pia aonyeshe karti? Akasema robine ni mambo ya komite, yeye anachunga roho. Nilimaliza kichwa yake vizuri hata vile. Niko na moyo, mimi!

Jioni tulipatana na Chrispin na watu wa korali, kwaya yetu: kesho wakati wa matangazo tunasimama wote, mimi naongea. Chrispin, ananiita Grand kama kaka mukubwa, akaniambia, "Grand, ukisimama, nasimama. Sisi si watu huru?" Akaniwekea mukono ku kichwa, akaniombea.

Jumapili, 8 Septemba

Nilisimama. Peke yangu.

Nikasema robine ifunguliwe, mutoto iko ku serumu. Nikageuka. Korali yote inaangalia mabati ya juu, kama vile malaika iko anayatengeneza. Na Chrispin? Ameinama, anafunga kamba ya kiatu. Mokasini! Mokasini iko na kamba gani?

"Ndugu Aloys, kaa chini," Pasteri akasema. "Uhuru si fujo."

Watu wakapiga amen. Ya nguvu kushinda yangu.

Alhamisi, 12 Septemba

Komite iliniita. Banc ya nyuma, benchi ya adhabu! Kwetu mwenye kutiwa nidhamu anakaa pale karibu na mulango, hakuna meza ya Bwana, hakuna mutu wa kumupa mukono, mpaka atubu mbele ya wote. Kosa? Niliingia kanisani mulevi. Mimi! Bière napenda, Bukavu yote inajua — lakini Jumapili asubuhi?

Nikauliza shahidi ni nani.

"Ndugu Chrispin. Hata alilia."

Nikacheka. Mbele yao nilicheka sana. Kisha nyuma ya soko, peke yangu, sikucheka.

Joviale ameanza kufungua macho. Mama yake akaniambia: "Papa Aloys, uombe tu musamaha, urudi ku nafasi yako. Siye tumezoea ziwa." Hiyo ilinichoma kushinda banc.

Jumamosi, 14 Septemba

Chrispin iko mu kiti yangu ya kunyolea. Sasa hivi, naandika anakaa pale.

Aliingia kama hakuna kitu. "Grand, uninyoe vizuri, kesho wananiweka shemasi, nasimama mbele." Nikamuuliza, kumbe siku hizi unajua kusimama? Wamemupa robine aichunge. Ufunguo iko ku shingo yake.

Nikaanza kunyoa. Nikafika katikati — pa! Kuran ya umeme imekatika, mashine imezima. Kichwa nusu uwanja, nusu pori. Hawezi kutoka vile. Mimi siwezi kumufukuza vile.

Akasema polepole: "Nilifanya ju yako, Grand. Mulevi wanamusamehe mbio. Muasi hawamusamehe."

Na anaamini! Hiyo ndiyo inaniua. Anaamini alinisaidia.

Maman Cibalonza amepita na bidon, anashuka ku ziwa. Ametusalimia wote wawili, hata ameuliza habari ya bibi ya Chrispin. Chrispin ameangalia chini.

Nikamwambia: "Nipe ufunguo. Umukimbilie Maman umufungulie, ama unipe mimi nimukimbilie."

"Kuran itarudi," akasema.

Makasi iko hapa ku meza, naweza kumalizia nayo. Sishiki. Hata yeye hashiki ile ufunguo. Tunakaa tu.

Niliandika nilizaliwa na watu. Uongo. Sina hata mutu moja.