Lori Limeachwa Mteremkoni

Mpwa wangu,

Salamu zako zimenifika. Mimi ni mzima, ila nina hasira za kupasua jiwe.

Ule mtihani wa Kiingereza, ambao bila huo sipewi udereva huko ng'ambo uliko, nimeufanya. Kuandika nilimaliza wenzangu wakiwa bado wanachonga penseli. Kwenye kuzungumza, mama mmoja mwenye miwani akaniambia nisimulie safari nisiyoisahau. Amemwambia nani? Mimi!

Nikampa ile ya lori kukatika breki mlimani, nimebeba saruji, na simba kakaa kiti cha utingo. Nafika kwenye kona, yeye anasema, "Asante, muda umekwisha."

Nikamwambia, "Mama, lori bado liko mteremkoni!"

Akazima kinasa sauti. Hata mlevi hamkatizi mtu hivyo! Nikamfuata kwenye korido nimmalizie, mlinzi akanikamata ukosi kama mwizi wa kuku. Wamenifutia mtihani, na mwaka mzima nisionekane pale.

Kazi uliyonitafutia wampe mwingine. Ila mama yako usimwambie. Nilimwambia nimewashinda wote, na dada yangu kwa furaha ameshampangisha mtu chumba changu hapa kwake.

Ni mimi mjomba wako, dereva wa madereva.