Mzee Sponji, Tumehama Bila Wewe

Baba, mwaka umezunguka ukatimia tangu ututoke, na wiki iliyopita tumehama. Tumeona tukuambie wenyewe, usije ukasikia kwa watu.

Wateja walikuita Mzee Sponji kwa sababu ya makochi uliyoyatengeneza. Uliongea na misumari imejaa mdomoni na bado kila mtu alikuelewa. Ukimaliza kochi, hukai wewe. Unamtafuta mtu aliyechoka, yeyote, hata mpita njia, unamwambia, "Hebu kaa hapo, mwenzangu, uniambie ukweli." Akisinzia, kazi imekwisha. Akijigeuzageuza, unang'oa misumari yote unaanza upya, na mwenye kochi atajiju.

Watu walipoanza kununua makochi ya dukani, karakana ikafungwa, ukahamishia vifaa vyote sebuleni. Mama akalalamika kwamba sasa tunakula sponji kwenye mboga. Ukamjibu, "Mke wangu, kila kitu kinahama. Mungu ndiye hahami." Mama akasema, "Basi mwambie akusogeze wewe, nipite na sufuria." Mlicheka mpaka jirani akachungulia.

Hiyo "Mungu hahami" tumeisikia kwenye nyumba nyingi. Na kila tukihama, sheria yako ilikuwa moja: kisiingie kitu, hata kijiko, kabla hujasimama katikati ya chumba kitupu ukaomba. Dereva anapiga honi, sisi tumejitwisha magodoro, wewe uko ndani unamtajia Mungu mmoja mmoja wetu, na mwenye nyumba, na panya wa humo. Tulinung'unika, tutakuficha nini? Lakini ukishasema amina, nyumba inakuwa yetu. Hatujui ulifanyaje. Ndiyo shida yenyewe, Baba. Hatujui ulifanyaje.

Maana tangu uondoke, Mama haombi. Kanisani anaenda, anakaa, anarudi. Mezani anasema tu, "Kuleni." Dada alimuuliza taratibu, akajibiwa, "Mwanangu, nikifumba macho namwona baba yenu. Mungu simwoni." Dada akaanza kukusanya sahani. Mtu utamwambia nini hapo?

Halafu mwenye nyumba akataka nyumba yake, kijana wake anaoa. Mama alifungasha, nyundo yako akaiviringisha kwenye shuka yake mwenyewe. Tulipofika nyumba mpya, manyunyu yakaanza, na sote tukasimama nje ya mlango. Hakuna aliyesema tusimame. Miguu tu iligoma.

Dereva akashuka. "Jamani, nyumba si ndiyo hii? Magodoro yakilowa msinitafute ubaya."

"Subiri kidogo, kaka," Dada akamwambia.

"Tunamsubiri nani?"



Baba Mdogo, si unamjua mdogo wako kwa kujitolea, akavua kofia, akaingia, akaanza kwa sauti ya mimbarani: "Ewe Mwenyezi, mtawala wa mbingu na nchi, wewe uliye..."

"Shemeji, basi," Mama akasema polepole. "Siyo wewe."

Baba Mdogo akatoka, akavaa kofia mbele nyuma. Wala hakukasirika. Alikuwa analia.

Kitinda mimba wako akamvuta Mama nguo. "Mama, godoro langu linalowa."

Ndipo Mama akaingia, peke yake. Akasimama katikati ya chumba, mikono inaning'inia kama si yake. Tulimwona anafungua mdomo, anafunga, anafungua tena. Mvua ikakolea. Tulitamani kumsaidia, lakini tutamsaidiaje neno ambalo hata sisi hatuna? Dereva mwenyewe alizima injini.

Mwisho Mama akasema, "Bwana, maneno yake siyajui. Tumefika."

Tukangoja amina. Haikuja. Akakaa chini, sakafuni, tukaingia mmoja mmoja tukakaa naye, maji yanatuchuruzika, na vitu vyote viko nje. Dereva akaja akachuchumaa mlangoni. Hatukuwa na kingine cha kufanya.

Baba, tungependa kukuambia kwamba baada ya hapo mambo yalitengemaa. Hayajatengemaa. Magodoro tunayaanika mpaka leo. Usiku hatujui swichi ya taa iko ukuta gani. Mama mezani bado anasema, "Kuleni." Siku nyingine anafumba macho kwanza, kidogo tu, kisha anayafumbua haraka kama mtu aliyegusa moto. Sisi tunajifanya hatujaona.

Wewe ulitufundisha kusimama imara. Hatukuweza. Tulichoweza ni kukaa pale chini mbele za Mungu, tusiwe na la kumwambia, na tusiondoke. Kama hiyo nayo ni imani, basi ndiyo tuliyo nayo.

Jumapili hii, baada ya ibada ya kumkumbuka Baba, ndugu, jamaa na wateja wote wa Mzee Sponji mnakaribishwa nyumbani. Makochi yapo ya kutosha. Mwenye kuweza kuomba, aje aombe. Asiyeweza, aje akae nasi.

Unakumbukwa na mkeo. Binti yako mkubwa, muuguzi. Wanao wa kiume wawili. Kitinda mimba wako. Mdogo wako, Baba Mdogo wetu. Na mafundi wenzako wote wa karakana.

Hatutakusahau, Baba, katika nyumba hii wala katika nyingine yoyote tutakayohamia.